Kibarua, Kipande, Manamba: Historia ya 'Kipindi cha Majaribio' Kabla Hujasaini Ofa Mpya

Barua ya ajira imeingia kwenye imeili. Mshahara umepanda, cheo kinasikika vizuri, na ofisi iko karibu, hakuna tena habari ya kupanda daladala mbili alfajiri. Mtu anaanza kupiga hesabu ya kodi ya nyumba mpya. Kisha anafika kwenye kifungu cha nne au cha tano: mwajiriwa atakuwa kwenye kipindi cha majaribio cha miezi sita. Tabasamu linapungua.

Hapo ndipo simu zinaanza. Mama anasema usiache kazi ya uhakika kwa ajili ya kazi ya kujaribiwa. Mshkaji anasema acha uoga, saini, maisha ni mchongo. Bosi wa zamani akisikia tetesi anaanza kukuchangamkia ghafla. Kila mtu ana jibu lake.

Ila swali lenyewe ni la zamani kuliko wote hao. Nani ajaribiwe, mfanyakazi au bosi? Na mambo yakigoma, hasara abebe nani? Watu wa pwani hii na bara yake wamekuwa wakivutana juu ya hilo kwa zaidi ya miaka 150. Wengi wao hawana majina vitabuni, na wengine waliandikwa kwa namba tu. Lakini wametuachia maneno ambayo tunayatumia kila siku bila kuyafikiria: kibarua, kipande, manamba, hata posho. Ukiyafuatilia maneno hayo, ofa iliyoko kwenye simu yako inaanza kusomeka vizuri zaidi.

Mpagazi: mshahara kwanza, safari baadaye

Rudi nyuma hadi karne ya 19. Hakuna reli wala lori. Pembe za ndovu zinatoka Tabora na Ujiji kwenda Bagamoyo mabegani mwa watu, na vitambaa, shanga na bunduki vinapanda bara kwa njia hiyo hiyo. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30. Wanyamwezi ndio walikuwa na sifa kubwa kwenye kazi hii, na ilikuwa ni kazi ya kujivunia. Kijana aliyekuwa hajawahi kufika pwani alionekana bado mtoto.

Sasa angalia jambo la ajabu. Mfanyabiashara au mzungu mpelelezi aliyetaka kuondoka Unguja au Bagamoyo alihitaji watu kwa mamia, na alikuwa na haraka. Kwa hiyo desturi ikawa kuwalipa wapagazi mshahara wa miezi kadhaa kabla hawajapiga hata hatua moja. Kwenye mkataba wa namna hiyo, aliyekuwa kwenye majaribio alikuwa ni bosi.

Na kweli alijaribiwa. Mkuu wa msafara akiwa mkatili, akipunguza posho, yaani chakula cha safari, au akiwapeleka watu njia wasiyokubaliana nayo, asubuhi moja alikuta mizigo imelala chini na wenyewe hawapo. Vitabu vya wasafiri wa kizungu wa enzi hizo vimejaa malalamiko kuhusu watoro. Ukivisoma kwa jicho la mpagazi, unaona watu waliotumia wiki za kwanza za safari kumpima bosi wao, na alipofeli wakaondoka. Sifa mbaya ya mkuu wa msafara ilitangulia, na safari iliyofuata alipata tabu kupata watu.

Tusiipake rangi lakini. Baadhi ya wapagazi walikuwa watumwa, na ujira wao uliishia kwa bwana. Wengi walikufa njiani kwa ndui, njaa na homa. Lakini aliyekuwa huru alikuwa na kitu kimoja muhimu: kwao kulikuwa na shamba. Wengi walisafiri kiangazi na kutaka kuwa nyumbani mvua zikianza. Mtu mwenye shamba la kurudia hababaiki akiambiwa "tutakuangalia kwanza." Naye anaangalia.

Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ikafika Ziwa Victoria. Mwaka 1914 reli ya kati kutoka Dar es Salaam ikafika Kigoma. Kazi ya upagazi ikafa, na pamoja nayo ikafa ile nguvu ya kudai mshahara kwanza.

Kibarua: barua ndogo ya siku moja

Neno kibarua limetoka kwenye barua, yaani barua ndogo. Mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuonesha kwamba siku hiyo amefanya kazi, na wakati wa malipo alikirudisha akapewa hela yake. Taratibu jina la kikaratasi likahamia kwa mtu mwenyewe.

Kwenye miji kama Unguja na Mombasa, vibarua wengi wa mwanzo walikuwa watumwa waliokodishwa. Waliingia mjini, wakabeba mizigo, wakafanya kazi kwenye maghala ya wafanyabiashara, na jioni sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, na Tanganyika 1922. Kibarua akabaki, safari hii akiwa huru.

Hapa vijana wa leo wanaweza kushangaa. Watu wengi waliotoka utumwani hawakukimbilia ajira ya kudumu. Walipenda kibarua. Kwa nini? Kwa sababu ajira ya muda mrefu ilifanana mno na kule walikotoka. Kazi ya kutwa ilikupa hela mkononi jioni, na kesho usipotaka huendi. Kwenye bandari ya Mombasa, mtu aliweza kupakua meli siku kadhaa kwa mwezi, kisha akarudi kwenye minazi yake au kwenye biashara yake ndogo.

Ubaya wake unaujua. Kila siku ilikuwa ni majaribio upya. Mnyapara akikuchukia leo, kesho anakuruka kwenye foleni na hakuna pa kulalamika. Ndiyo maana mpaka leo kocha akifukuzwa, magazeti ya michezo yanasema kibarua chake kimeota nyasi. Pale alipokuwa anakanyaga kila siku hakanyagi tena.

Kipande: neno moja, maumivu mawili

Ukimwambia mtu wa Nairobi neno kipande na ukamwambia mtu wa Tanga, kihistoria kila mmoja anaona picha yake.

Kenya, kipande kilikuwa kitambulisho cha kazi. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alitakiwa kuwa nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na kuacha kazi, na mshahara. Bosi asiposaini kwamba amekuachia, huwezi kuajiriwa kwingine. Ukiondoka bila ruhusa, unatafutwa kama mhalifu.

Fikiria maana yake kwa mtu anayetaka kuhama kazi. Bosi mpya anafungua kikasha, anaona ulikuwa unalipwa shilingi ngapi, na anakupa hizo hizo. Leo HR anapokuomba karatasi ya mshahara wa kazi uliyotoka kabla hajakutajia ofa, mzee wa kipande angetabasamu. Mchezo anaujua.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922 baada ya kupinga kipande, kodi na kukatwa mishahara, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi na polisi wakafyatua risasi. Watu zaidi ya 20 walikufa. Mfumo wenyewe uliishi hadi 1947, ulipobadilishwa na usajili wa watu wa rangi zote.

Tanganyika, kipande kilikuwa kitu kingine: kadi ya siku 30. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, kila siku ukimaliza kazi uliyopangiwa kadi inawekwa alama. Zikitimia alama 30, unalipwa. Inasikika poa, sivyo? Shida ni kwamba siku uliyougua haihesabiwi. Siku ambayo mnyapara amesema mzigo wako wa majani haujatimia, haihesabiwi. Kwa hiyo "mwezi" wa kipande uliweza kuvutwa wiki sita au zaidi, na katikati hapo huna hela. Ukiondoka una alama 24, umeziacha.

Hata hivyo, wenyeji walioishi jirani na mashamba walikichukua kipande kuliko mkataba mrefu. Siku 30 zikiisha, walikuwa na uamuzi. Msimamizi ni muungwana? Chukua kadi nyingine. Ni mkorofi? Nenda kalime mahindi yako, au jaribu shamba la jirani.

Manamba: waliosaini muda mrefu

Na walikuwepo waliochagua upande wa pili. Wenye mashamba ya mkonge walihitaji watu wengi kuliko wenyeji waliokubali kuja, kwa sababu katikati ya karne ya 20 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge. Mwaka 1944 wakaanzisha ofisi ya pamoja ya kutafuta wafanyakazi, ikajulikana kama SILABU. Maofisa wake walikwenda mbali: Kigoma, Nyanda za Juu Kusini, mpaka Ruanda-Urundi. Waliokubali walipandishwa magari na treni, wakapewa chakula na blanketi, na kila mmoja akapewa namba. Kutoka kwenye hizo namba tukapata neno manamba.

Kwa macho ya leo manamba alikuwa na ajira bora kuliko wa kipande. Alikuwa na mkataba, nauli, nyumba na posho. Lakini hakuwa na mlango wa kutokea. Chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, kutoroka kazini lilikuwa kosa la jinai, siyo mgogoro wa kikazi. Akigundua wiki ya pili kwamba alidanganywa, amekwisha. Kwao ni mamia ya kilomita, na polisi wako upande wa mwenye shamba.

Weka watatu hao pembeni kidogo. Mpagazi alimpima bosi. Wa kipande na bosi wake walipimana kila siku 30, ingawa mizani ilikuwa imeinamia kwa bosi. Manamba hakumpima mtu yeyote, alisaini akiwa kwao kwa maneno ya wakala aliyekuja na gari. Kilichowatofautisha hakikuwa mshahara. Ilikuwa ni umbali kutoka kwenye shamba lao, na haki ya kusema "basi, inatosha" bila kufungwa.

Bandari zinagoma, neno "kudumu" linaingia

Miaka ya 1930 na 1940 serikali ya kikoloni ilianza kumwogopa kibarua. Mtu anayefanya kazi siku anazotaka, anaishi mjini, na akikasirika anaweza kusimamisha meli zote, huyo ni hatari. Makuli wa Mombasa waligoma 1939. Januari 1947 mgomo wa Mombasa ukawa wa mji mzima, wafanyakazi kama 15,000 wakaacha kazi, kuanzia bandarini na relini hadi mahotelini na majumbani. Septemba mwaka huo huo bandari ya Dar es Salaam ikagoma na moto ukapanda na reli kwenda bara. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Zanzibar.

Watawala wakaanza kuhama taratibu kutoka kwenye kibarua wa kutwa kwenda kwa mfanyakazi aliyesajiliwa, anayejulikana, anayelipwa vizuri kidogo na mwenye cha kupoteza. Kwa waliobahatika kuingia kwenye rejista, maisha yalibadilika. Waliobaki nje ya geti, vibarua wasio na kadi, mlango ukawa mwembamba kuliko zamani. Wengine walipinga kabisa, maana uhuru wao wa kufanya kazi siku wanazotaka ulikuwa umeondoka.

Ukitafakari, hapa ndipo kipindi cha majaribio kinapopata mantiki yake. Wakati mtu anaweza kufukuzwa jioni yoyote, hakuna haja ya kumjaribu. Siku kazi inapokuwa ngumu kumwondoa mtu, bosi anataka amwangalie kwanza. Majaribio ni kivuli cha ajira ya kudumu, vinakuja pamoja.

Baada ya uhuru mwelekeo ukawa kumlinda mfanyakazi zaidi. Mwaka 1964 Tanganyika ilipitisha sheria ya usalama wa ajira iliyombana mwajiri asimfukuze mtu kwa kujisikia tu, na ikaweka kamati za wafanyakazi kazini. Kikaja kizazi cha mashirika ya umma: unaingia kijana, unathibitishwa, unastaafu na pensheni. Mama anaposema "usiache kazi ya uhakika," anaongea kutoka kwenye dunia hiyo, na hakosei kuikumbuka.

Ila dunia hiyo ilitikiswa miaka ya 1990, mashirika mengi yalipobinafsishwa au kufa na watu waliothibitishwa miaka 20 iliyopita wakarudi nyumbani na masanduku yao. Kwenye familia nyingi mjini yupo baba mdogo au shangazi aliyepitia hilo. Kwa hiyo uthibitisho nao una kikomo chake. Unakulinda dhidi ya bosi mwenye hasira, haukulindi dhidi ya kampuni inayozama.

Sheria ya leo inasemaje?

Kimataifa, mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982 kuhusu kuachishwa kazi unaruhusu nchi kuwaacha nje ya ulinzi walio kwenye majaribio, kwa sharti kwamba muda huo umewekwa mapema na ni wa kiasi. Yaani mtu ajue tangu siku ya kwanza, na usivutwe kama kadi ya mkonge.

Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na kanuni zake za utendaji bora za mwaka 2007. Kanuni zinasema majaribio yawe ya muda wa kuridhisha na yasizidi miezi 12. Mwajiri anatakiwa kukufuatilia, kukutathmini na kukaa na wewe kuongea. Akiona hufiti, anatakiwa akueleze shida ni nini, akusikilize, na akupe muda wa kurekebisha. Akitaka kuongeza muda, azungumze na wewe kwanza.

Kuna mambo matatu ambayo wengi hawayajui.

La kwanza: ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu mtu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Soma tena. Hata kama ofa yako haina neno majaribio popote, ukihama kazi saa yako inarudi sifuri. Anayefurahia "mimi wameniajiri moja kwa moja" ana miezi sita ya kutembea juu ya kamba kama wenzake.

La pili: kuendelea kwenda kazini baada ya muda wa majaribio kuisha hakukufanyi uwe umethibitishwa wenyewe kwa wenyewe. Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo. Miezi sita ikifika na kimya kimetanda, kimya hicho hakikusaidii. Omba barua.

La tatu: kuwa kwenye majaribio hakumpi bosi ruhusa ya kukubagua. Sheria inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, hali ya VVU na mengine, na hapo hakuna cha kusubiri miezi sita. Binti anayeambiwa "majaribio yameisha" wiki moja baada ya tumbo kuonekana ana pa kwenda.

Kenya, sheria ya ajira ya 2007 inaweka majaribio yasizidi miezi sita, yanaweza kuongezwa mengine sita kwa makubaliano, na kila upande unaweza kuvunja kwa notisi ya siku saba au malipo yake. Mwaka 2021 majaji watatu wa mahakama ya kazi Nairobi walikwenda mbali zaidi. Walisema kumwachisha aliye kwenye majaribio bila kumsikiliza kunapingana na katiba. Ni hatua kubwa ukikumbuka kikasha cha shingoni.

Basi, usaini au usisaini?

Fikiria watu wawili. Wa kwanza amemaliza chuo, anakaa kwa kaka yake Kimara, hana kazi. Kwake hakuna mjadala mrefu. Hata akikatwa mwezi wa tano, ameondoka na uzoefu, watu aliofahamiana nao na hela kidogo. Hajaacha chochote nyuma.

Wa pili ana miaka 27, amethibitishwa tangu mwaka juzi, analipwa 650,000 mkononi, na anamtunza mdogo wake sekondari. Ofa mpya ni 1,100,000 mkononi, majaribio miezi sita. Huyu ndiye anayekosa usingizi, kwa sababu anabadilisha ulinzi alionao kwa hela ambayo bado haijatulia.

Hesabu yake ipo hivi. Tofauti ni 450,000 kwa mwezi. Akiishi kwa ule ule mshahara wa zamani na kuiweka tofauti yote, baada ya miezi sita ana 2,700,000. Hiyo ni miezi minne ya maisha yake ya sasa. Wakimtema mwisho wa majaribio, ana miezi minne ya kutafuta bila kumpigia mtu simu za aibu. Wakimtema mwezi wa tatu ana 1,350,000, miezi miwili tu. Hapo ajiulize kwa ukweli: kwenye fani yake, kazi nyingine inapatikana ndani ya muda huo? Kama jibu ni hapana, aanze kuweka akiba kabla ya kuhama, au aombe tarehe ya kuanza isogezwe.

Ila akihama na siku hiyo hiyo akachukua nyumba ya 400,000 na simu ya mkopo, amejifanya manamba mwenyewe. Amejiondolea shamba la kurudia, na bosi mpya hata akiwa mkorofi vipi, atavumilia.

Kabla ya kusaini, afanye pia kile wapagazi walichofanya: aulizie msafara. Aliyekuwa kwenye nafasi hiyo alikwenda wapi? Wangapi walioingia mwaka jana wamethibitishwa? Nani atamtathmini, na kwa vigezo gani vilivyoandikwa? Kama tangazo la nafasi ile ile linarudi mtandaoni kila baada ya miezi mitano au sita, jibu limeshatoka. Hiyo ni kadi ya alama 30 ambayo haijai.

Na kuomba siyo dhambi. Miezi sita inaweza kushushwa iwe mitatu kwa mtu mwenye uzoefu wa kazi hiyo hiyo. Tathmini ya katikati inaweza kuandikwa kwenye barua. Likizo ya mwaka aiulizie pia, maana kisheria aliye chini ya miezi sita hadai likizo yenye malipo. Mwajiri anayekasirika kwa kuulizwa maswali matatu ya heshima kabla hujaanza, ameshaanza kufeli majaribio yake.

Halafu notisi. Tanzania Bara ni siku saba ndani ya mwezi wa kwanza, baada ya hapo siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na inabana pande zote mbili. Mlango huo manamba hakuwa nao: ukigundua wiki ya pili kwamba ofisi ile ni moto, unaandika barua na kuondoka kwa miguu yako, hakuna polisi atakayekutafuta. Kule unakotoka nako aga vizuri. Mji huu ni mdogo, na mabosi wanapigiana simu.

Ukishasaini, weka alarm kwenye simu wiki mbili kabla majaribio hayajaisha. Siku hiyo nenda na orodha ya ulichofanya, omba kikao, na omba barua ya kuthibitishwa kazini. Kibarua wa Unguja hakuondoka ghalani jioni bila kikaratasi chake, kwa sababu bila hicho hakuna aliyemwamini kwamba alikuwepo.

Sasa wewe: una 650,000 ya uhakika mkononi na 1,100,000 ya majaribio mezani. Unasaini?